Taji la Mwanamke wa Lango la Nafaka

Toussaint Gaulard alichonga mawe miaka thelathini, na karibu kazi yake yote ilikwenda kwa majina ya watu wengine. Katika majumba ya mabwana kando ya mto Loire, yeye alikuwa fundi wa vidole na maua. Fundi mkuu alichonga uso na kuweka jina lake, Toussaint akamalizia mikono na maua ya mayungiyungi, alama ya mfalme. Kazi moja tu aliifanya peke yake, tangu jiwe likiwa ghafi hadi kope za macho. Ni yule mwanamke aliyesimama juu ya lango la soko la nafaka, katika mji wetu. Ukuta wa nyuma yake niliupiga lipu mimi, na siku walipokuja kumvunja nilikuwepo.

Ilikuwa enzi ya Mapinduzi, na mfalme alikuwa amekatwa kichwa tangu Januari. Vuli ilipofika, ikaja amri kwamba kila alama ya ufalme ivunjwe, na mjumbe aitwaye Brisset akaletwa kutoka Paris kuisimamia. Asubuhi hiyo tulikuta kamba nene imefungwa shingoni mwa mwanamke wa jiwe, na ncha ya pili imefungwa kwa farasi wa mkokoteni.

Toussaint alifika mbio, aproni bado kiunoni.

"Raia mjumbe, amekosa nini huyu?"

"Ana taji kichwani. Au huoni?"

"Si taji la malkia hilo. Tazama vizuri, ni minara na kuta. Huyu ni mji wetu. Sisi wachongaji mji tunauchonga kama mwanamke, na kuta zake tunamvika kichwani. Ndiyo desturi yetu."

"Kuta zinavaliwa kichwani?" Brisset akasema. "Basi kesho nitakuona umevaa nyumba yako."

Watu wakacheka. Mama Nanon, muuza vitunguu, akapaza sauti: "Nyumba yenyewe inavuja, mwanangu! Ataloa!"

Toussaint hakucheka. Aliitazama ile kamba. "Nipe mpaka saa sita. Nitaiondoa minara nimvike kofia ya uhuru, kama ile ya wanamapinduzi."

Brisset akafikiri. "Haya. Ngoma ya saa sita ikilia na bado naona mnara hata mmoja, farasi anavuta. Na kamba haifunguliwi."

Nilimshikia Toussaint ngazi. Mgeni hawezi kujua, lakini jiwe letu jeupe ni laini likitoka machimboni, kisha hewa inalifanyia gamba gumu. Ukilitoboa gamba hilo baada ya miaka, ndani unakuta unga. Kwa hiyo Toussaint hakugusa nyundo. Alitoa msumeno.

"Anakata jiwe kama ubao!" Brisset akashangaa.

"Hapa hata mkate wa mke wangu tunaukata hivyo," akajibu mwenye farasi.

Mnara wa kwanza ukatoka safi. Wa pili vilevile. Wa tatu, ule wa mbele, ulikuwa na ufa ambao maji ya mvua yalikuwa yameingia kwa miaka. Ulipoanguka uliondoka na kipande cha paji la uso, kikubwa kama kiganja. Toussaint akasimamisha mkono.

"Fundi, vipi?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Nyamaza. Shika ngazi."

Inzi akamuuma farasi. Farasi akarusha kichwa, akapiga hatua moja, kamba ikakaza. Vumbi jeupe likamwagika kutoka shingoni mwa mwanamke.

"Mzuie huyo mnyama!" Toussaint akapiga kelele. Mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari umemkumbatia kichwani yule mwanamke, kama anayemzuia mtu asianguke kisimani. Mwenye farasi akavuta hatamu kwa nguvu zote. Kamba ikalegea. Kichwa kilikuwa bado mahali pake.

Tangu hapo hakuna aliyefanya mzaha. Toussaint alikwangua kwa chuma chenye meno, polepole, akifuata palipobaki jiwe zima. Penye pengo la paji la uso hapakuwa na njia nyingine ila kuishusha kofia. Akaishusha, na tena akaishusha, mpaka ukingo wake ukafika kwenye nyusi. Alikuwa akilainisha mkunjo wa mwisho ngoma ilipolia.

Brisset alizunguka lango, akatazama kutoka upande huu na ule. "Sawa. Uhuru huyo. Fungueni kamba."

Watu wakapiga makofi. Mama Nanon akaziba mdomo, akashindwa kujizuia. "Maskini, ana homa! Kofia hadi machoni!" Soko zima likaangua kicheko, hata Brisset.

Toussaint alishuka, akafuta msumeno kwa aproni, akaondoka bila kugeuka.

Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi. Kwenda kununua unga alizunguka kwa mlango wa nyuma wa soko, upande wa watengeneza ngozi, penye harufu na matope, hata siku za mvua. Nilimwambia mara moja kwamba mwanamke wake bado amesimama, mzima.

"Najua," akasema. "Lakini sasa anaonekana mjinga, na ni mimi niliyemfanya hivyo."