Kichuguu Kilichokataa Kusimama

Siku ya kwanza kuingia maabara ya Kilifi, nikitokea hospitali Malindi nilikopima damu na choo cha watu mpaka pua ikazoea, Msimamizi alinipa sahani ya kioo yenye ute. "Bi Rukia, hawa ndio wagonjwa wako sasa," akasema. "Hawalalamiki." Nikacheka. Lau ningalijua, nisingalicheka.

Ute ule huitwa kuvu ute, ingawa si kuvu. Ni seli moja moja, kila moja na njia yake, zinakula bakteria na kujigawa. Kazi yangu ilikuwa kuzilisha zikashiba, kisha kuziosha zisibakiwe na chakula. Sisi tuliita kufungisha. Zikishikwa na njaa, moja hutoa harufu na nyingine zikageuka kuifuata. Hazina macho wala ubongo, lakini zinaitikia. Huja makundi kwa makundi, zikapandana, zikawa kichuguu, kisha mwili mmoja unaotambaa kufuata mwanga. Mwishowe zile za mbele husimama kuwa bua na kufa papo hapo, na zilizobaki hupanda juu ya maiti hizo zikawa mbegu. Mara ya kwanza kuona hayo nilisoma Ayatul Kursi palepale kitini.

Daktari Mkuu, binti wa mwenye duka la vitambaa Malindi, alichunguza ribosomu, yaani viwanda vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza protini. Viwanda vyenyewe navyo vimejengwa kwa protini. Seli ikiwa inakula, hujenga viwanda vipya kwa pupa. Ikifunga, huacha kujenga, huvunja baadhi, na kwa vilivyobaki hujigeuza kuwa kitu kingine. Alitaka kujua protini moja tu ya kiwanda ikipungua kutatokea nini.

Msidhani ni udadisi tu. Mwanawe, Nasrini, alizaliwa na upungufu wa namna hiyo. Uboho wake haukuweza kutengeneza damu nyekundu, basi akawa anatiwa damu za watu, yangu ikiwemo, na damu hizo zikamwachia madini ya chuma moyoni. Daktari Mkuu aliniambia waziwazi: "Nikijua nini kitawasimamisha hawa, nitajua pa kuanzia kumponya mwanangu. Sina mlango mwingine."

Tukapunguza protini ile. Seli zikala, polepole. Tukazifungisha. Zikaitana, zikakusanyika, kichuguu kikainuka, kikakomea hapo. Chini ya hadubini kilikuwa kinazunguka, seli zote zikifuatana duara, siku nzima na kesho yake. Tukabadili joto, mwanga, maji. Wallahi kilizunguka tu. Nikafika hadi ya kutopenda kubaki chumbani peke yangu na ile sahani.

Alasiri moja Nasrini alikuja kutoka shule. "Shikamoo, Bi Rukia," akaweka jicho kwenye hadubini.

"Marahaba, mwanangu. Waona nini?"

Alizifuata kwa jicho duara mbili tatu. "Hawajashindwa," akasema. "Kila mmoja amngoja mwenzake afe kwanza."

Mama yake alikuwa mlangoni, na alisikia.

Moyo wa mtoto yule ulisimama mwaka niliostaafu. Baada ya hitima Daktari Mkuu alikuja kazini, hata buibui hakuvua, akainamia hadubini. Kichuguu cha wiki ile nacho kilikuwa kinazunguka. "Wape chakula," akasema.

Chakula kikirudi kabla bua halijasimama, kichuguu huvunjika. Nikatia bakteria. Jioni hakikuwepo tena. Zilibaki seli zilizotawanyika, kila moja inakula kivyake.

"Hakuna hata mmoja anayejua kwamba walikuwa pamoja," Daktari Mkuu akasema. Nikalia mimi. Yeye aliendelea kutazama.

Vijana hunijia nyumbani Malindi kuniuliza kazi ile ilifaa nini. Nawaambia kweli: tulijifunza mengi kuhusu protini ile, na mtoto hatukumponya. Nilimpenda, na sioni haya kusema kwamba vichuguu vile nilivichukia. Daktari Mkuu hakuacha, angali anafungisha mpaka leo.

Juzi alinipigia simu, hakusalimu. "Bi Rukia, kimesimama."

Nikamwambia hongera, kisha nikamwambia pole.