Kurasa Ndani ya Robota

Wauza nguo wa Hamriya, mjini Maskati, walimjua Apolinary kwa mikono yake kuliko kwa jina. Alikuwa Mhaya wa Kamachumu, mrefu, mkimya, na kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kufungua marobota ya vitambaa katika ghala la Mzee Saeed: kukata mikanda ya chuma, kufumua gunia, kutoa jora moja moja bila uzi kuvutika. Umwekee robota mbele, atalipapasa tu akuambie ndani mna bafta au hariri, na kama lililowa njiani. Lakini kazi hiyo haimpi mtu cheo. Akiulizwa anafanya nini Maskati alijibu, "Niko dukani," basi.

Ijumaa, siku ya mapumziko huko, alikwenda Ruwi, kwenye ukumbi wa kanisa, walikokutana Wakenya na Watanzania kusoma Maandiko kwa Kiswahili. Huko ndiko aibu yake ilikokuwa. Wenzake walikuja na vitabu vya jalada la ngozi, vyenye zipu. Agano Jipya la kwake, alilopewa na mama yake siku ya kuondoka, lilishavunjika mgongo zamani, limebaki makaratasi, analibeba kwenye mfuko wa plastiki. Akakaa nyuma miaka tisa, mfuko mapajani, asitie neno.

Mwaka 1996 Jared, mwalimu Mkenya aliyeishi Ghubra, akaanza kuwasimulia namna Maandiko yalivyoingia katika Kiingereza. Apolinary, kama wengi wetu, alidhani Mungu na Kiingereza wamezaliwa mtaa mmoja. Kumbe wapi. Zamani Kiingereza kilidharauliwa, lugha ya wakulima na wapika uji, isiyofaa kubeba neno la Mungu. Kutafsiri bila ruhusa ya askofu kulikuwa kosa. Msomi mmoja akakimbilia ng'ambo, akalitafsiri Agano Jipya, likapigwa chapa Ujerumani; nakala zilizokamatwa zikachomwa, na mwisho wake yeye akanyongwa na maiti yake ikachomwa moto. Apolinary akajiuliza moyoni. Mtu afe kwa ajili ya lugha ambayo leo ndiyo inayotutisha sisi?

"Vitabu vyenyewe viliingizwa Uingereza kwa siri, ndani ya marobota ya nguo," Jared akasema. "Sasa tukiendelea..."

"Vilikaa wapi ndani ya robota?"

Watu waligeuka kutazama nani kasema. Apolinary mwenyewe alishangaa kusikia sauti yake. "Nauliza kwa sababu mkaguzi wa bandari si mjinga," akaongeza. "Kitabu ndani ya nguo hujulikana."

Jared akapekua makaratasi yake, hakuona kitu, akaona afadhali atanie. "Jameni, Apolinary amekuja na kazi mpaka kanisani. Wiki ijayo atatuuzia leso." Ukumbi ukacheka. Apolinary naye akacheka, cheko la kufunika aibu, lakini aliumia kweli. Njia nzima ya kurudi alijiapia: Ijumaa ijayo ama naingia na jibu, ama siingii tena.

Jumamosi akamweleza tajiri wake. Mzee Saeed, mzaliwa wa Unguja, kabla ya kufungua duka alikuwa mkaguzi wa forodha, na alijisifu kwamba mkono wake haujapitwa na kitu.

"Wakakichoma kitabu cha dini yao wenyewe, na aliyekitafsiri?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Subhanallah." Akaweka kikombe cha kahawa chini. "Haya, funga robota. Nna hamu ya kuona."

Apolinary akaazima kitabu chenye jalada gumu, akakizika katikati ya majora, akashona gunia kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Mzee Saeed akalikanda robota mara mbili, akachomeka chuma chake chembamba cha ukaguzi. Kikagota. "Hiki hapa. Ushanyongwa wewe." Siku ya pili Apolinary akakificha chini kabisa. Mzee akakipata. Siku ya tatu akakibana pembeni, Mzee akakipata hata kahawa haijapoa. Kufikia Jumatano Apolinary alishakata tamaa, anatunga uongo wa kuwaambia wenzake.

Jioni hiyo anaondoka, mfuko wa plastiki ukamponyoka na karatasi moja ikatelezea juu ya kitambaa kilichofunuliwa mezani. Akakikunja bila kuangalia. Aliporudisha mkono kuitafuta, hakuisikia. Akapapasa tena. Hakuna kitu. Akasimama pale. Kwani lazima kisafiri kikiwa kitabu? Zisafiri kurasa, mgongo utashonwa huko huko zinakofika.

Asubuhi akalaza kurasa zote za mama yake, mmoja kila mkunjo. Mzee Saeed akakanda, akachoma, akatoka jasho. Baada ya saa nzima akaketi juu ya robota lenyewe. "Nimeshindwa," akasema polepole. "Miaka ile yote forodhani. Vingapi vimenipita?"

Ijumaa Apolinary aliingia ukumbini na robota dogo begani. Jared akakitafuta kitabu, akachoka. Maureen, nesi aliyezoea kusaka mishipa ya damu, naye akashindwa. Ndipo Apolinary akakata uzi, akafunua mkunjo mmoja mmoja, na Mathayo akatoka, na Marko, na Luka, karatasi kwa karatasi, tatu zikiwa na tundu la chuma cha Mzee Saeed. Machozi yalimlengalenga Apolinary kuona makaratasi aliyoyaonea haya yakipangwa mezani.

"Nisamehe, ndugu," Jared akasema.

Maureen aliushika ukurasa wenye tundu. "Na kule Uingereza, nani aliyeyafungua marobota? Lazima alikuwepo aliyejua, akanyamaza."

Jared akautazama ubao. Alikuwa ameandika mfasiri, askofu na mfalme. "Sijaona jina lake popote."

"Angeandikwaje?" Apolinary akasema. "Aliyeandikwa jina ni aliyekamatwa."

Maureen akaurudisha ukurasa mahali pake. "Miaka tisa tunajua uko dukani tu," akasema. "Kazi yako hasa ni ipi?"

Apolinary akanyanyua uso.

"Mimi ni mfungua marobota," akasema, na hata waliokaa nyuma walimsikia.