Jinsi Noah ya mzee na punje moja ya mahindi vilivyomwozesha dada

Wakubwa humu shikamooni, wa rika langu mambo. Haya yalitokea kwetu Bombambili, nikidanganya nirudie form two.

Mzee wangu alipomaliza kujenga akanunua Noah used. Nikajua sasa ni kula bata tu.

Wapi. Gari likabeba saruji, mbolea, mahindi ya shamba, na Jumapili kwaya nzima ya kigango. Ili mizigo ienee, kiti kirefu cha nyuma kiling'olewa kikawekwa sebuleni. Ndilo kochi letu wakuu, msicheke, lina hadi mikanda.

Sasa wakaja kumposa dada Agneta. Dada hajala tangu asubuhi, maana mzee alishatamka, "Huyo kijana ni mpangaji. Wageni nitawapa soda, halafu nitawapa njia."

(Tangu ahamie kwake, mzee anasahau kwamba sisi wenyewe tulipanga miaka tisa.)

Mshenga, mzee Komba, akakaribishwa kwenye kiti cha Noah. Mimi na kiherehere changu nikamwamkia, nikamfunga mkanda wa kiunoni.

"Babu, nyumba hii ina kona kali."

Akacheka.

Mzee akawasikiliza, akakohoa. "Tumewasikia. Karibuni siku nyingine."

Dada akaanza kulia jikoni. Mzee Komba akataka kuinuka, mkanda ukamrudisha chini.

Tukabonyeza kitufe. Hakishuki. Tukapaka mafuta ya kula, wapi. Kuukata mkanda mzee hataki, mali yake. Akanitazama tu. "Wewe subiri wageni waondoke."

Shida ni kwamba mgeni hawezi kuondoka.

Hapo ndipo nilipoiheshimu Noah. Tukakinyanyua kiti watu wanne, mshenga juu yake kama chifu, tukakirudisha kwenye reli zake garini. Kikaingia vizuri kabisa.

Mama jirani akauliza, "Mmebeba mgonjwa?"

"Hapana mama, mkwe."

Mzee akasonya, akaendesha mpaka kwa fundi magari kule Msamala. Fundi akachokonoa kitufe kwa spoku ya baiskeli, ikatoka punje moja ya mahindi. Ya shamba letu wenyewe.

"Haya mzee mwenzangu, shuka," mzee akasema.

Mzee Komba akauchukua ule mkanda, akajifunga mwenyewe.

"Mara ya kwanza nilifungwa na mtoto. Hii nimejifunga. Baba mwenye nyumba, mimi ni mpangaji humu mpaka nipate jibu."

Fundi alicheka akakalia tairi. Mzee akajikaza, mashavu yakamsaliti.

"Mwambie kijana aje mwenyewe Jumapili. Sasa shuka, nina matofali ya kubeba."

Tuliporudi dada alikula ugali sahani mbili. Mimi nimehukumiwa kuosha Noah mpaka siku ya harusi, na tarehe bado haijapangwa.

Fundisho: kung'uta mahindi kwanza, utani baadaye. Au usikung'ute kabisa, dada ndiye anayesema hivyo.

Wenye Noah nyumbani, yenu imeshawasaidia nini cha ajabu? Mwageni hapa, mimi naendelea kusugua reli.