Mtu wa Mtumbwi wa Pili

Karugendo hakuwahi kulipenda ziwa. Ukisimama kwenye kibanja chake pale Izigo, mahali migomba inapoishia, unaliona limelala huko chini, jeupe asubuhi na la bluu mchana, lakini yeye alizoea kuligeuzia mgongo. Alikuwa mtu wa barabara. Miaka yake ya nguvu ilipita ndani ya lori la kahawa kati ya Muleba na Bukoba, tangu enzi za vumbi hadi lami ilipokuja, na alipostaafu akarudi nyumbani kwa mke wake Annastella, ambaye muda wote huo alikuwa amelea shamba, ng'ombe na binti yao Hellen kwa mikono yake miwili.

Waliishi vizuri, ila waliishi kama watu waliofahamiana ukubwani. Annastella alikuwa na taratibu zake, saa yake ya kukamua, njia zake migombani, wanawake wenzake wa jumuiya. Karugendo alipita pembeni ya taratibu hizo kama mgeni anayeogopa kukanyaga zulia. Hawakugombana. Jioni walikaa barazani, mmoja akichambua maharage na mwingine akisikiliza redio, na siku ikaisha.

Kisha Hellen, aliyeolewa Dar es Salaam, akajifungua mapacha. Annastella akafunga mzigo wake akaenda kumsaidia mpaka watoto watambae. Wakatambaa. Wakasimama, wakaanza kukimbia. Kila alipojiandaa kurudi, jambo likazuka: msichana wa kazi kaondoka, mtoto mmoja kifua kimembana, Hellen kaitwa kazini kabla likizo yake haijaisha. Karugendo naye hakuweza kumfuata, kwani ng'ombe angebaki na nani? Akajifunza kujipikia. Alikosea vipimo. Alizoea kuona sufuria la watu wawili, na kila siku chakula kilibaki.

Simu walipigiana, lakini zilikuwa za kusikitisha.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Ng'ombe?"

"Yupo, anakula vizuri. Wajukuu?"

"Wapo, wanasumbua."

Halafu kimya. Kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake, mpaka mmoja aseme haya, basi, tutaongea.

Sikukuu ya Krismasi mkwe wake Mwesiga alikuja kuwaona wazazi wake Muleba, akapita Izigo na kompyuta yake ya zamani kwenye begi. "Baba, hii mimi siitumii tena," akasema. "Nimekuwekea gemu ya kuvua samaki. Mvua ikinyesha utapata cha kufanya. Inatuliza akili." Akamwonyesha vitufe vya kuendesha mtumbwi, cha kutupa ndoano na cha kuwasha taa, kisha akaondoka. Mengine hakuyasema.

Mvua za kwetu mnazijua. Zikiamua, zinanyesha tangu adhuhuri, na mtu anabaki ndani akihesabu mabati. Siku moja ya mvua ya namna hiyo Karugendo akaiwasha kompyuta, na mbele yake likatokea ziwa.

Halikuwa ziwa lake. Halikuwa na jina. Lilikuwa la kijivu, na maji yake yalipiga ubavu wa mtumbwi kwa sauti ndogo ya kubembeleza, hata yeye aliyekuwa akiogopa maji akajikuta ametulia. Ukingoni palikuwa na kijiji cha nyumba chache, na gati lenye mnunuzi wa samaki aliyevaa kofia iliyomficha uso. Unatoka, unatupa ndoano, unavuta, unarudi kwa mnunuzi. Karugendo alipenda hasa kurudi. Alikuwa dereva, alijua raha ya kufikisha mzigo.

Kilichomkera ni watu wa kijiji kile. Taa ziliwaka madirishani, moshi ulitoka jikoni, lakini milango haikufunguka. Alijaribu nyumba moja baada ya nyingine. Mnunuzi alisema maneno yale yale kila mara, Kiingereza kifupi ambacho Karugendo alikielewa kwa kubahatisha: leo umechelewa, kesho utachelewa. Na samaki wale wote, wakishapokelewa, hakuona hata mtu mmoja akiwala.

Ukungu nao ukaanza. Ndani ya ukungu alivuta samaki mwenye kope. Akamtazama, na samaki akazifumba polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Karugendo akaondoa mikono kwenye kompyuta. Aliporudi siku nyingine na kwenda mbali zaidi, ukungu ukafunguka kidogo, na mbele yake akaona mtumbwi wa pili. Ndani yake amekaa mtu, amempa mgongo, amevaa koti la mvua kama la mvuvi aliyeendeshwa na Karugendo, na taa ya mtumbwi ule ilikuwa imezimwa. Hakufanya chochote. Alikaa tu. Karugendo alipogeuza kurudi, akatazama nyuma na kuona mtumbwi ule umegeuka pia.

Alifunga kompyuta akaenda kusimama zizini karibu na ng'ombe, mvua ikimnyeshea bega moja.

Annastella alipopiga jioni ile na kuuliza kama amekula, Karugendo hakujibu swali. "Mama Hellen," akasema, "leo nimeona kitu." Akamweleza. Alipofika kwa samaki mwenye kope, mkewe akacheka, kicheko ambacho Karugendo alikuwa hajakisikia tangu Hellen akiwa mdogo.

"Na huyo mwenye koti, ulimsalimia?"

"Nimsalimie vipi? Amenipa mgongo."

"Afadhali hivyo. Angekuwa ananitazama mimi, ningeogopa zaidi."

Kuanzia hapo simu zikabadilika. Annastella aliuliza kabla hata ya kuuliza habari za ng'ombe: umefika wapi, ukungu umeondoka, yule mtu amesogea? Karugendo alianza kucheza kwa makini ili awe na la kusimulia. Alitazama rangi ya maji, alihesabu madirisha yenye taa, alisikiliza ndege wa gemu ile waliolia kama mlango usiotiwa mafuta. Jirani yake Rweyemamu alipokuja kuazima panga alimkuta ameinamia kioo mchana kweupe, akasema kwa heshima ya Kihaya, "Ta Karugendo, siku hizi umekuwa mvuvi," naye akajibu ndiyo, bila kucheka.

Baada ya muda Annastella akamwambia kwamba yeye pia ameianza. "Kwenye simu yangu," akasema. "Watoto wakilala." Na siku zilizofuata akawa na habari zake. Amevua kengele ya shule, imeota majani. Ameona paa la kanisa chini ya maji. Amekaa kwenye ukungu mpaka mwenye koti akasogea karibu kabisa, na hakukimbia. Karugendo alimwonea wivu kidogo kwa ujasiri ule, kisha akaona fahari. Alimwona kichwani mwake kwenye mtumbwi mwingine, upande mwingine wa ziwa lile lile, na ukungu wa kwenye kioo ukapungua kutisha. Mara kadhaa alizunguka visiwa vya ziwa lile kumtafuta, ingawa alijua kwamba gemu ile kila mtu huicheza peke yake.

Mwezi wa Aprili chaja ikaungua. Karugendo akaichukua kompyuta akaenda nayo Bukoba mjini, kwa fundi aitwaye Hafidhi, mtu wa makamo mwenye kibanda jirani na soko. Fundi alibadilisha chaja, akaiwasha mashine kuijaribu, na lile ziwa likatokea.

"Kumbe mzee wangu unacheza hii," Hafidhi akasema. "Mimi ilinishinda. Ina upweke mwingi."

"Mke wangu ndiye hodari. Yeye anaicheza kwenye simu, huko Dar."

Hafidhi akatikisa kichwa, bila nia mbaya. "Kwenye simu haichezeki, mzee wangu. Ni ya kompyuta tu. Labda anaangalia video. Kuna watu wanacheza, wanajirekodi, wanaweka mtandaoni, wengine wanatazama." Akachukua simu yake kumwonyesha. Kijana wa nchi ya mbali, lugha yake haijulikani, alikuwa akivuta ndoano huku akipayuka, na kutoka majini ikapanda kengele ya shule iliyoota majani. Mbele kidogo likaja paa la kanisa. Kisha ukungu, na mwenye koti akasogea karibu kabisa, na kijana yule hakukimbia.

Karugendo alishukuru, akalipa, akaondoka. Kwenye basi la kurudi alikaa dirishani na kompyuta mapajani. Aliona aibu, na hakujua kwa nini aone aibu yeye. Alikumbuka jinsi alivyozunguka vile visiwa akimtafuta mtu ambaye hakuwahi kutia mguu humo. Basi lilipopita Kemondo na ziwa la kweli likaonekana, hakugeuza uso kama kawaida yake. Alilitazama mpaka likafichwa na migomba.

Hakupiga simu siku ile, wala siku zilizofuata. Annastella alipopiga, aliiacha ikaita. Nyumba ikarudi kuwa kama zamani, mbaya zaidi kuliko zamani, kwa sababu sasa alijua inavyokuwa mtu akiwa na la kusema. Aliwasha gemu mara moja akaiendesha mpaka katikati ya maji, akausimamisha mtumbwi, akakaa tu. Hakutupa ndoano. Akagundua kwamba kwa mbali, ukimtazama kwa nyuma, angefanana na yule mwenye koti.

Mwisho akapokea.

"Nilidhani umeugua," Annastella akasema. "Nilitaka kumpigia Rweyemamu aje kuchungulia."

"Siumwi. Nilikwenda Bukoba. Fundi ameniambia gemu ile haiingii kwenye simu."

Karugendo alisikia televisheni upande wa pili, na mtoto akigonga kitu.

"Haiingii," Annastella akasema. "Nilimuuliza Mwesiga, naye akaniambia hivyo hivyo. Akanionyesha wanaocheza. Nikawa natazama watoto wakilala."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ulikuwa unaniambia mambo yako, na mimi nina nini cha kukuambia? Nepi? Uji?" Akaendelea kwa sauti ya chini. "Miaka yote ile ulipokuwa barabarani sikujua unaona nini. Ukirudi unalala. Sikuwahi kupanda lile lori hata siku moja, Baba Hellen. Safari hii nilitaka kujua uko wapi."

Ilikuwa kweli. Karugendo hakuwahi kumpandisha kwenye lori, na hakuwahi kufikiri kwamba angetaka.

"Basi utakuwa umeshaona mwisho," akasema baadaye.

"Nimeuona."

"Unatisha?"

"Umalize mwenyewe, halafu unipigie."

Aliimaliza Alhamisi, mvua ikiwa imepungua na kubaki matone ya kwenye migomba. Aliingia ukungu wa mwisho na taa yake, na mwenye koti hakuja kwake. Ilibidi yeye amfuate. Mitumbwi ikagusana. Mtu yule akageuka, naye ni yeye mwenyewe mvuvi, amezeeka kidogo. Alinyoosha mkono akaomba taa, na gemu ikangoja. Karugendo alikaa muda mrefu kidole kikiwa juu ya kitufe. Hatimaye akampa. Mtumbwi wa pili ukaondoka na mwanga kuelekea kijijini, na kwa mara ya kwanza mlango wa nyumba mojawapo ukafunguka, mtu yule akapokewa ndani. Mvuvi akabaki gizani majini. Maji yakapiga ubavu wa mtumbwi kwa sauti ile ile ya kubembeleza, majina ya waliotengeneza gemu yakapanda kwenye kioo, basi.

Alipiga simu palepale.

"Umempa?" Annastella akauliza.

"Nimempa. Yule kijana wa video alifanyaje?"

"Alimnyima. Alirudi na taa yake kijijini, akakuta nyumba zote zimezimwa, hata mnunuzi hayupo. Mimi nikasema moyoni, Baba Hellen atampa. Uliogopa?"

"Sikuogopa. Nimesikitika tu."

"Hata mimi."

Wakanyamaza, na kimya hiki hakikuwa kile cha zamani. Kisha Annastella akasema, kama mtu anayeweka mzigo chini, kwamba mwezi wa sita, aliopanga kurudi, hawezi tena kuja. Hellen amehamishiwa zamu ya jioni, na watoto hawajapata shule ya kuwapokea. Pengine Desemba. Karugendo alikuwa amekwisha kulijua hilo kabla halijasemwa.

"Desemba ni msimu wa kukaanga senene," akasema. "Utawakuta."

"Nitawakuta, Mungu akipenda. Sasa ngoja niwaogeshe hawa, wamejipaka uji. Usikate."

Akasikia simu ikiwekwa mahali pagumu. Kisha maji yakimiminwa beseni, mtoto akilia na mwingine akimcheka, na Annastella akiwabembeleza kwa Kihaya, maneno aliyokuwa akimwambia Hellen miaka ile, au pengine hakuwa akimwambia Hellen. Karugendo hakuwepo kuyasikia. Alikaa barazani akisikiliza. Ng'ombe akalia zizini akitaka majani. Karugendo akaiweka simu juu ya kiti, ikiendelea kusema, akashika mundu akaingia migombani, akikata polepole na karibu na nyumba, ili sauti isimpotee.