Mwezi Tuliobadilishana Kenya na Tanzania

Sisi tuliokua Kibiti wakati sabuni inapangiwa foleni tunaijua furaha moja ambayo watoto wa leo hata uwaeleze vipi hawaielewi: furaha ya kunusa. Kipande cha sabuni ya kuogea kikiingia nyumba moja, mtaa mzima ulipata habari. Nguo tulifulia majani ya mpapai, chai tuliisindikiza kwa kipande cha muwa, na jioni tulicheza rede na kombolela mpaka mama zetu waite majina yetu mara tatu, ya tatu ikiwa na fimbo ndani yake.

Halafu zikaja siku za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Malori ya Dar yakaanza kushusha mitumba, kandambili za rangi na biskuti. Baba yangu hakuyapenda. Alikuwa mkulima wa korosho na mpunga, tena balozi wa nyumba kumi, na alikuwa na redio ya betri na imani moja kubwa: Tanzania ni nchi ya watu, Kenya ni nchi ya manyang'au. Neno hilo tulilisikia kwake, tukalisikia na shuleni. Manyang'au wanaokula jasho la wenzao! Sisi watoto lile jasho tuliliruka, tukabaki na kula wenzao.

Basi fikirini hali yetu tulipoambiwa shangazi Hadija anakuja kutoka Mombasa. Alikuwa dada yake Baba, tumbo moja, ameolewa huko na kuli wa bandarini. Mpaka wa Kenya ulipofungwa hatukumwona kwa miaka. Sasa umefunguliwa, anakuja kwenye harusi ya dada yangu mkubwa, na anakuja na binti yake Mwanaisha, rika langu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Walishuka kwenye lori na matope mpaka magotini, maana lilikuwa limekwama Bungu tangu asubuhi. Mimi na wenzangu tukajipanga mbele ya Mwanaisha, tukamkodolea macho mdomoni. Akakunja uso.

"Mbona mwanitazama meno?"

Yalikuwa meno ya kawaida, tena moja la mbele limeng'oka.

Shangazi alipofungua sanduku, tulilizunguka wote. Kopo la mafuta ya kupikia, dawa ya meno, sabuni za rangi tatu, na mkate uliokatwa vipande tayari kabla hujaufungua. Mkate ule ulitushinda kabisa. Tulijiuliza ni mtu gani huko Kenya aliye na nafasi ya kukaa akawakatia watu mkate. Mama alizichukua sabuni akazipanga katikati ya nguo zake, na zikakaa humo mpaka zikaisha harufu bila ya mtu kuziogea.

Ugomvi ulianza siku ya pili, tukiwa kwenye sinia.

"Kaka, nchi hii mmeifanya nini?" Shangazi aliuliza. "Nimebeba sabuni kama nakuja kwa wakimbizi."

Baba alilirudisha tonge lake. "Watoto wetu wanasoma bure. Wanatibiwa bure. Huko kwenu asiye na pesa anafia mlangoni mwa hospitali."

"Na huku anafia ndani. Dawa hamna."

"Ardhi tunayo."

"Na sisi barabara tunazo. Mimi mgongo wangu umebaki Bungu!"

Ilikuwa hivyo kila siku. Walipumzika siku ya nikaha tu, na hata hapo shangazi alishindwa kujizuia kusema kwamba maharusi wa Mombasa hawaendi kwa miguu. Sisi watoto tulikuwa tukicheka. Tuliacha kucheka siku aliposema:

"Kaka, nipe Mwajuma. Nimsomeshe Mombasa, akae kwangu moja kwa moja."

Mwajuma ndiye mimi. Baba alinyanyuka, akaenda kuufungua mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa na ubovu wowote, akawa anaufuta na kuufuta. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilikuwa nataka kwenda. Nilitaka ule mkate. Nilijionea haya mpaka nikaenda kujificha nyuma ya banda la kuku.

Aliyeamua ni Mama, ambaye siku zote zile hakuwa amesema neno kuhusu nchi yoyote. "Wifi," alisema huku akikuna nazi, "mtoto si kopo la mafuta. Shule zimefungwa. Mchukue wangu, niachie wako. Zikikaribia kufunguliwa utamrudisha, tuwaulize wenyewe wanataka kukaa wapi."

Baba akakubali haraka, kwa uhakika wa kushinda. Shangazi akakubali haraka zaidi.

Mombasa ilinipokea kwa taa. Shangazi alikuwa na vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Majengo, na kila chumba kina balbu yake. Siku ya kwanza niliwasha na kuzima mpaka mjomba, mumewe shangazi, akaniomba kwa upole niiache ipumue. Nilikula vipande vya mkate sita. Nilipougua tumbo nilipewa dawa ndani ya kichupa, na kichupa kilikuwa kimejaa. Kwenye sanduku la Mwanaisha nilikuta vitabu vya shule vyenye jina lake peke yake, wakati sisi kitabu kimoja tulikisoma wanne, na aliyekaa pembeni alijifunza kusoma maneno kwa ubavu.

Watoto wa pale walinicheka. "Tanzania hamna sabuni!" Nami mtoto wa balozi, ningekubali? Nikawaambia sabuni tunayo nyingi mpaka tunaogeshea mbuzi.

Wiki ya pili nikapita kwenye uwanja wa mtu, nikaona embe limeanguka. Nikaliokota, nikaling'ata, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Mwanamke akatoka mbio na ufagio akiita mwizi. Mwizi! Shangazi alikuja kuniombea radhi, akainama mbele ya yule mama kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akiinama mbele ya Baba. Njiani akaniambia taratibu, "Hapa mwanangu, kila kitu kina mwenyewe. Hata maji twanunua." Ni kweli. Maji yalikuja na mkokoteni, na tulioga kwa kopo moja moja. Pia palikuwa na msichana jirani ambaye alikuwa akinisuka nywele. Aliniambia shule zikifunguliwa yeye harudi, karo imewashinda kwao. Alisema hivyo huku akiendelea kusuka, kama anazungumzia mvua.

Huku nyuma Kibiti, Mwanaisha alikuwa akinenepa. Mama alimpeleka shamba kupanda mpunga, akachoma korosho mpaka vidole vikawa vyeusi kwa mafuta yake, akala kambale wa kupaka na wali hadi akasema tumbo linamwuma kwa raha. Kisha akashikwa na malaria. Baba akamkimbiza zahanati, bure kama alivyojigamba, na nesi akawapokea vizuri sana, akampima vizuri sana, akasema dawa zimekwisha. Baba, ambaye alikuwa akiyaita maduka ya watu binafsi unyonyaji, alipanda baiskeli yake mpaka Ikwiriri kwenye duka la dawa la mtu binafsi, akarudi na vidonge na jua la mchana kutwa kichwani. Mama anasema wiki nzima baada ya hapo redio haikuwashwa.

Shangazi alinirudisha mwanzoni mwa Januari. Tukaketi wote kwenye mkeka, na Baba akajikohoza kikohozi chake cha mikutano.

"Haya Mwajuma. Tuambie ukweli."

Nikasema ukweli. Nikasema taa, vitabu, dawa kwenye kichupa. Nikasema kule hata dereva wa basi amevaa viatu. Kila neno nililolisema nilimwona Baba anapungua.

Shangazi akamgeukia bintiye, uso unang'aa. "Na wewe Mwanaisha?"

"Mama, mimi siendi popote," alisema. "Huku maembe ni ya mtu yeyote. Maji ni ya mtu yeyote. Mjomba alikwenda kunitafutia dawa kwa baiskeli!" Akaanza kulia.

Wale wakubwa wawili wakatazamana. Kila mmoja ameshindwa na mwanawe mwenyewe. Mama ndiye aliyeanza kucheka, akajifunika kanga usoni, na baada yake hatukujua tena nani anacheka na nani analia.

"Lakini nataka kukaa wapi hamjaniuliza," nikasema.

"Wapi?" Baba aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Hapa. Kule nataka kwenda likizo."

Mwanaisha naye alipopoa alikiri kwamba vitabu vyake vimemkalia moyoni. Akarudi kwao na gunia la korosho, na Baba akalibeba mwenyewe begani mpaka kwenye lori. Tangu hapo, kila Desemba mmoja wetu alivuka mpaka, hadi tukaolewa.

Baba hakuwahi kuvuka ila mara moja, amekwisha kuwa mzee, shangazi alipougua mguu. Alikaa siku kumi. Aliporudi tulimzunguka wote tukitaka kusikia. Alivua kofia, akaitisha maji ya kuoga, akasema, "Wana barabara nzuri," basi. Hatukupata neno jingine, wala neno manyang'au halikusikika tena nyumbani kwetu.

Leo lami inapita Kibiti, na ile mikate iliyokatwa imejaa madukani hadi inaota ukungu. Wanangu hawajui rede wala kombolela. Mchezo wao ni kubishana kwenye simu na vijana wa Kenya: nani ana reli ndefu, nani ana maghorofa, pesa ya nani ina nguvu. Wanatupiana takwimu kuliko sisi tulivyotupiana mpira wa matambara, na hakuna anayechoka wala kutoka jasho. Juzi nilimkuta wa mwisho amekasirika kweli kweli, amelala kifudifudi na simu yake.

"Mama, huyu Mkenya ananitukania nchi!"

"Anaitwa nani?"

Hakujua. Nikamwuliza anakaa na nani, kwao wanakula nini. Hakujua pia, na alinitazama kama nimepotewa na akili. Nikamwacha. Wanazijua nchi zote mbili kwa tarakimu, kuliko nilivyozijua mimi. Ila ng'ambo ile hakuna mtu ambaye wakichelewa kufika atawafunikia chakula.