Unywele Mmoja Mkateni

Uongozi wa kiwanda cha mikate ulitangaza, kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa stoo ya unga na kupigwa muhuri mara mbili ili isibishaniwe, kwamba mikate ya kiwanda hicho hutengenezwa kwa ngano, hamira, sukari, chumvi, mafuta na maji, na si kitu kingine chochote. Kwamba, licha ya ukweli huo, mteja mmoja amekata kipande cha mkate akakuta ndani yake unywele. Kwamba kila unywele una mwenyewe. Kwamba mwenyewe huyo atatafutwa Jumatatu asubuhi, uani, wafanyakazi wote wakiwa vichwa wazi. Na kwamba akishapatikana na kuwekwa mbali na unga, wateja wanahakikishiwa kuwa jambo hilo limekwisha.

Wafanyakazi walilisoma tangazo hilo Ijumaa jioni wakaangua kicheko. Mpakiaji mmoja aliuliza kama mwenye unywele atarudishiwa mali yake. Mwingine akataka kujua mkate wenyewe uliliwa au ulizikwa. Kijana mmoja tu hakucheka. Alisoma mpaka penye maneno “vichwa wazi”, akarudi nyuma kidogo, akayasoma tena kana kwamba mara ya pili yangesema kitu kingine. Hayakusema.

Kiwandani walimwita Kofia. Wazazi wake walikuwa wamempa jina zuri tu, lakini hakuna aliyelitumia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kofia. Alifika asubuhi na kofia nyeusi, akajibanza nyuma ya mlango wa stoo, na alipotokea upande wa pili alikuwa amevaa kofia ya wavu ya kiwanda. Kofia moja ilitoka na nyingine ikaingia kwa wepesi ambao, angeuonyesha kwenye jukwaa, watu wangempigia makofi.

Chini ya kofia hizo mbili palikuwa na habari ya kusikitisha. Thelathini ilikuwa bado mbali, lakini paji la uso wake lilikuwa limeanza kupanda juu kama mtu mwenye haraka zake. Lilianzia pembeni, kulia na kushoto, likaacha ulimi mwembamba wa nywele katikati. Halafu utosini pakafunguka duara ambalo mwanzoni lilitoshea kidole na sasa lilitoshea kiganja. Nywele zilimhama kama wapangaji waliosikia kwamba nyumba itabomolewa: bila kelele, mmoja mmoja, bila kuaga. Alizikuta kwenye mto, kwenye kola ya shati, kwenye beseni. Mmoja aliukuta kwenye chai, akautoa kwa kijiko na kuutazama kwa muda mrefu kuliko chai ilivyoweza kuvumilia.

Ndiyo maana alikipenda kiwanda. Huko wote walifunika vichwa, mwenye nazo na asiye nazo, na hakuna aliyeuliza sababu. Kazi yake ilikuwa kupaka mafuta makopo ya kuokea, kazi ya kibarua, ya kuitwa leo na kesho kuambiwa pumzika. Lakini msimamizi alikuwa amesema kwamba mwezi ukiisha, kibarua mmoja ataajiriwa rasmi, na alipolisema hilo jicho lake lilitulia kwa Kofia. Kofia alikuwa ameshampelekea mama yake habari za jicho hilo kana kwamba ni barua ya ajira.

Sasa limekuja tangazo. Hesabu aliyoifanya kichwani ilikuwa fupi na haikumpendelea. Kiwanda kizima kinamtafuta mtu anayedondosha nywele. Mtu anayedondosha nywele ni yeye. Kazi hiyo ilikuwa inaondoka kama zilivyoondoka nywele, mmoja mmoja, kuanzia mbele.

Jumamosi alirudi nyumbani na uso uliokunjamana. Mama yake alikuwa jikoni, ameshika kitunguu kilichokatwa nusu, si kwa ajili ya mboga.

“Njoo hapa. Inama.”

“Mama, leo niache.”

“Nikuache, kwani nilikuokota? Inama, mwanangu.”

Aliinama. Mama akamsugua utosi kwa kitunguu, kisha akampaka mafuta ya nyonyo, akimlaumu marehemu mumewe kwa kila mzunguko wa mkono. “Baba yako zilimtoka akiwa na wajukuu. Angalau alisubiri. Wewe haraka hii unaikimbilia wapi?”

“Mama, hivi unywele ukidondoka, unaweza kuruka mbali?”

“Kuruka? Una mabawa?”

“Nauliza tu. Kutoka kichwani, mpaka, tuseme, kwenye kopo la mkate.”

Mama akaacha kusugua. Alikuwa na kipaji cha kusikia jambo zima kutoka kwenye neno moja. Akamgeuza uso, akamtazama macho yake, ambayo kwa sababu ya kitunguu yalikuwa tayari yanatoka machozi.

“Umefanya nini huko kazini?”

“Sijafanya kitu.”

“Basi nyamaza hivyo hivyo. Usijipeleke mwenyewe kwa watu hawajakuita.”

Usiku huo hakuupata usingizi mpaka alipotandika kitambaa cheupe juu ya mto, na alipoupata aliota mikate yote ya mji inaota ndevu.

Jumapili alikwenda kwa kinyozi, mtu mnene mwenye nywele nyingi, jambo ambalo Kofia aliliona kama kumcheka, ingawa mwenye nywele hakukusudia. Kibandani mlikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka ambacho kiliacha kuzunguka zamani, na kioo kilichopasuka pembeni, hivyo kila mteja alijiona ana masikio matatu.

“Karibu, jirani. Leo tunafanyaje?” Kinyozi akaivua ile kofia taratibu, kama mtu anayefunua sufuria ya mgonjwa. Akapiga mluzi. “Mpaka umehama.”

“Najua.”

“Mwezi uliopita ulikuwa hapa.” Akamgusa. “Sasa uko huku. Tukienda hivi, karibuni utapakana na shingo.”

“Nyoa zote.”

“Kidume sasa! Ndivyo inavyotakiwa. Unanyoa, unapaka mafuta, unang’aa, watu wanadhani umependa mwenyewe.” Akawasha mashine. Ikanguruma. Ikamkaribia sikio.

“Subiri!”

Mashine ikasubiri.

“Kesho kazini kuna ukaguzi wa vichwa,” alisema Kofia. “Wanatafuta mwenye unywele. Nikienda sina hata mmoja, watasema nimeharibu ushahidi.”

“Basi usinyoe.”

“Nisiponyoa wataona zinavyotoka. Wataambiana, huyu hapa, tazama, anapukutika kama mti.”

“Basi unyoe.”

“Kaka, unanisaidia au unanizungusha?”

“Kiti hakizunguki, nikuzungushe na nini?” Kinyozi alizima mashine, akajipepea kwa taulo. “Sikiliza. Mimi hapa wananilipa kwa kuondoa. Za kwako zinaondoka zenyewe, kwa hiyo tuko biashara moja na hatuwezi kushauriana. Ukiamua, niite.”

Kofia alikaa kitini wateja wawili wakinung’unika nyuma yake. Alijitazama kiooni, akaona mtuhumiwa mwenye masikio matatu. Akajivua shuka, akachukua kofia yake, akaondoka na nywele zake zilizobaki, akizibeba kwa uangalifu kama maji kwenye sahani.

Jumatatu walipangwa uani kwa mstari, wa tanuri mbele, wa upakiaji nyuma yao, mafundi wa mashine na vibarua mwishoni. Jua lilikuwa limeshachomoza na kupata watu wa kuonea. Ukaguzi uliongozwa na afisa wa ubora, mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeupe, ambaye wote walimwita Mama Ubora, mbele yake kwa heshima na nyuma yake kwa heshima kidogo. Mkononi alikuwa na kimfuko cha plastiki kinachoonyesha ndani, na ndani yake unywele wenyewe: mfupi, mweusi, uliojikunja. Ulikuwa unafanana na nywele za kila aliyesimama uani, za msimamizi, za mlinzi wa getini, na za Mama Ubora mwenyewe.

“Vueni,” alisema.

Kofia za wavu zikavuliwa. Kofia alikawia. Alijifanya kama mtu asiyesikia.

“Na wewe, Kofia.”

Alijikaza kisabuni, akavua.

Kwanza watu walihakikisha kwamba wameona walichokiona. Kisha upande wa upakiaji mtu akakohoa, kikohozi kikageuka kicheko, na kicheko kikatembea mstari mzima mpaka kwa watu wa tanuri.

“Jamani, kumbe tulikuwa na uwanja wa ndege humu ndani!”

“Nzi akitua hapo anateleza, anavunjika mguu.”

“Kijana wa watu, umemkopesha nani?”

Aliyesimama kando yake hakucheka sana. Huyo aliitwa Msitu, fundi wa mashine ya kukandia unga, ambaye nywele zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba kofia yake ya wavu ilivimba kama mfuko wa karanga. Alimwinamia Kofia akamnong’oneza, “Usiwajali, kaka. Wangejua jua lilivyo kali wangekuonea wivu.” Haikuwa faraja kubwa, lakini siku hiyo hakuna mwingine aliyetoa.

Mama Ubora alipita kichwa kwa kichwa, akikiinua kimfuko, akikunja uso, akiandika. Kofia alikuwa ameandaa maneno: kwamba ana mama, kwamba anaweza kuvaa kofia mbili, kwamba kama ni kufukuzwa basi iwe mwisho wa mwezi. Mama Ubora akafika. Alivaa miwani. Akamzunguka polepole, kama mtu anayekagua kiwanja anachotaka kununua.

“Wewe pita,” akasema.

“Hunipimi, mama?”

“Nikupime nini? Utadondosha nini, mwanangu?”

Kicheko kilirudi upya. Kofia alisimama pale pale, ameokoka na ametukanwa kwa sentensi moja, asijue aanze kushukuru wapi. Alikuwa amekosa usingizi tangu Ijumaa akiogopa kichwa chake kisimshitaki. Hakuwahi kufikiria kwamba kingekuwa wakili wake.

Mama Ubora akamgeukia Msitu. Hapo uso wake ulipata raha ya mtu aliyefika alikokuwa anakwenda. Aliulinganisha unywele na msitu ule, ukalingana. Alieleza, kwa sauti ya kusikika mpaka getini, kwamba penye nywele nyingi ndipo panapotoka nyingi, na kwamba hili halihitaji maabara.

“Mama, nywele zangu hazitoki!” Msitu alishika shada zima juu ya kichwa. “Vuta. Nakuambia vuta!”

Mama Ubora alivuta. Kichwa kilikuja, shingo ikaja, Msitu mwenyewe akaja hatua moja mbele. Nywele zilibaki mahali pake. Watu wa tanuri walishangilia. Mama Ubora alifuta vidole, akaandika kwamba mhusika ameonyesha ubishi, na uchunguzi ukafungwa. Msitu alihamishiwa kubeba makreti ya mikate kwenye malori, mbali na unga.

Mchana msimamizi alimwita Kofia. Alimkuta ofisini anatabasamu, na tabasamu la msimamizi lilikuwa kitu adimu kuliko likizo.

“Mashine ya kukandia haina mtu. Nataka kichwa salama pale, na kichwa salama kuliko chako sina. Mwezi ukiisha unaingia rasmi. Sawa?”

Neno “sawa” lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kofia alilimeza. Dirishani alimwona Msitu anapita na kreti begani, uso umeinama, mgongo ambao haukuzoea kubeba umepinda upande.

“Bosi,” alisema, “kuna jambo.”

“Sema.”

“Ule unywele huenda ni wangu.”

Msimamizi alimtazama kichwani. Akatazama pembeni kwa adabu. Akashindwa, akatazama tena, na mabega yakaanza kumtikisika.

“Kweli, bosi. Zinanidondoka. Asubuhi naziona kwenye mto. Hata jana…”

“Kofia, ndugu yangu.” Msimamizi alifuta machozi kwa kiganja. “Zilikuwa zinadondoka. Zimeisha. Usijitese.”

“Hazijaisha. Huku nyuma zipo. Tazama.”

“Unaona?” msimamizi alimwambia karani aliyeingia na funguo. “Mtu anamtetea rafiki yake mpaka anadai nywele asizokuwa nazo. Watu kama hawa ndio wa kuajiri.”

Jioni hiyo alimngojea Msitu getini ili amweleze. Alieleza yote, mto, beseni na kijiko cha chai. Msitu alimsikiliza huku anajinyoosha mgongo kwa mikono miwili.

“Na umewaambia?”

“Nimewaambia. Wamecheka.”

“Basi na mimi unataka nifanye nini, nicheke?” Akaondoka, na nywele zake zilionekana mbali kuliko mtu mwingine yeyote barabarani.

Nyumbani mama yake alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani amejifungua. Kitunguu kiliwekwa kando kwa heshima ya ajira. Kofia alikula kidogo, akalala kwa upande, asije akausugua utosi kwenye mto.

Asubuhi alisimama mbele ya mashine ya kukandia. Bakuli lake lilikuwa pana kama kitanda cha mtoto, na ili kuona kama unga umeshikana fundi hana budi kuinama juu yake. Kofia alikuwa amevaa kofia mbili za wavu, moja juu ya nyingine, akazibana kwa vibanio alivyovichukua kwenye meza ya mama yake. Akamimina unga, maji, hamira. Mkono wa chuma ukaanza kuzunguka. Aliinama mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akakodoa macho kwenye donge jeupe lililokuwa linajigeuza, akitafuta kitu cheusi. Hakukiona. Msimamizi alipita nyuma yake, akampigapiga begani, akawaambia wageni aliokuwa nao kwamba hapa ndipo palipokuwa na tatizo.

Wakati wa mapumziko alikwenda nyuma ya mlango wa stoo, akatoa vibanio, akavua wavu wa juu na kuutandaza kwenye kiganja. Palikuwa na nywele tatu, mbili kati yake zikiwa zimepenya mpaka upande wa nje. Donge la kwanza lilikuwa limeshaingia tanurini.