Kifungu cha Chakula

Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa ushenga, ingawa kwenye kadi niliyoning'iniza shingoni iliandikwa afisa uhusiano. Upande mmoja lilikuwa shirika letu la misaada ya dharura, watu wa kukimbia: mafuriko yakitokea leo, kesho wamefika na matangi na mablanketi. Upande wa pili ilikuwa benki ya maendeleo, watu wa mikopo mikubwa na vitu vya kudumu, ambao hawanyanyui mguu mpaka upembuzi yakinifu ukamilike. Wakubwa wa huko juu waliamua pande hizi mbili zioane, na ndoa ijaribiwe kwanza kwetu, pwani ya Tanga. Mimi nikawa wa kwenda na kurudi, nikibembeleza huku, nikituliza kule.

Mradi wenyewe ulikuwa maji ya Kigombe. Visima vya kijiji viliingiwa na chumvi baada ya mvua kubwa na bahari kupanda, na shirika letu likawa linapeleka maji kwa gari. Lakini huwezi kupeleka maji kwa gari miaka yote. Benki ndiyo ingeweza kuleta bomba na pampu, kama tungekubaliana. Na Kigombe ndiko nilikolelewa, kwa shangazi yangu, dada wa baba, tangu mama alipofariki. Kila mkutano ulipovunjika ofisini kwetu Usagara, mimi nilifikiria ndoo zake.

Na mikutano ilivunjika kweli. Walibishana hata juu ya jina la kumwita shangazi. Sisi tulimwita mnufaika. Benki wakasema hapana, bomba likifika atakuwa mteja, maana atalipia huduma. Mkuu wangu akapandisha hasira, akasema huwezi kumwita mteja mtu ambaye juzi umemgawia sabuni. Mwakilishi wa benki, mzungu mmoja mpole ambaye maneno yake yote yalipitia kwangu, akajibu kwamba ukimwita mnufaika maisha yake yote hatajitegemea kamwe. Asubuhi nzima ikaenda hivyo. Mwishowe nikapendekeza tuandike "mkazi", wakanitazama kama mtu aliyevumbua moto. Nilitaka kucheka, na nilitaka pia kuwatupia kikombe cha chai.

Kitu kimoja tu walikubaliana papo hapo. Ni kifungu kilichosema kwamba mtumishi wa upande wowote, akiwa kazini, hatapokea zawadi, chakula wala kinywaji kutoka kwa wananchi wa mradi. Benki waliogopa rushwa. Sisi tulikuwa na kanuni yetu inayofanana nacho, tusije tukawaelemea watu wenye shida. Hakuna aliyenyoosha mkono kupinga. Mimi ndiye niliyekiandika kwa Kiswahili, na nilikiandika vizuri, maneno machache yasiyoacha mwanya. Jioni ile nilirudi nyumbani Nguvumali nimefurahi, nikaona sasa mambo yameanza kunyooka.

Ilibaki ziara. Bwana wa benki alitaka kuwasikia wakazi wenyewe kabla ya kutia saini. Ofisi ya kijiji ilikuwa imeezuliwa paa, mwenyekiti akapendekeza ua wa shangazi, maana ni mpana na una kivuli. Nikampigia simu. Nilimwambia, "Shangazi, Alhamisi watakuja watu wa kazini kwetu, watakaa hapo kwako kwa mazungumzo kidogo." Ndivyo nilivyosema, watu wa kazini. Yeye alisikia wageni. Huwezi kumwambia mwanamke wa Kigombe kwamba watu watakaa kwake halafu asiende jikoni, na mimi, binti wa nyumba ile, nilipaswa kulijua hilo kuliko yeyote. Nilikuwa nimekaa na vifungu mno.

Tuliposhuka kwenye magari, harufu ilitupokea kabla ya mwenyekiti. Wali wa nazi, changu wa kupaka. Mikeka imetandikwa, masinia yamefunikwa kwa kawa, sharubati ya ukwaju iko kwenye jagi. Majirani wanawake walikuwa wamekuna nazi pamoja naye tangu alfajiri. Na ule wali, nilijua, haukupikwa kwa maji ya kisima, kwa sababu chumvi ya visima vile haifichiki kwenye wali. Alikuwa amepikia maji ya gari letu, aliyoyaweka akiba, na yeye mwenyewe siku zile alikuwa akinywa chai ya chumvi.

Kwanza nilimwonea haya yeye. Naandika hivyo ingawa inaniuma. Niliona jagi la plastiki lililopauka. Niliona amevaa kanga mpya kwa ajili ya watu ambao hawangejua kwamba ni mpya. Nilimsikia akiwaita "Karibuni wanangu, karibuni!" kwa sauti ya harusini, na nikatamani anyamaze. Mkuu wangu, mtu wa bara mwenye adabu zake, akanisogelea sikioni.

"Kifungu," akasema.

"Najua," nikamjibu.

Mazungumzo yenyewe yalikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Shangazi alisema atalipia maji bila kinyongo, alimradi yawe maji. Bwana wa benki akaandika huku akitabasamu, nami nikaona kwamba sasa ndoa imepita. Wanawake wakaanza kufunua masinia.

Ndipo shangazi akainuka na birika na beseni kuwanawisha. Alianza na bwana wa benki. Yule bwana akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa, akanitazama nimsemee. Mkuu wangu naye akafanya vivyo hivyo. Shangazi akabaki amesimama na birika lake katikati ya mikeka.

"Hawali?" akaniuliza.

Jibu lilikuwa jepesi. Kazi yetu inatukataza, shangazi, si kwa ubaya. Lakini kulisema pale, mbele ya masinia yale na wanawake waliochoka kwa ajili yetu, ulimi uliniwia mzito.

"Au wamefunga? Leo Alhamisi."

Sikumkanusha. Uso wake ukachangamka. Akawageukia wenzake mlangoni pa jikoni. "Wamefunga, jamani! Suna ya Alhamisi, hata huyu mzungu wa watu! Mashaallah!" Wanawake wakafurahi kweli, mmoja akasema kumbe ndiyo maana ana uso wa upole. Bwana wa benki akawapungia mkono.

Kisha shangazi akanijia mimi. "Haya, wewe mwanangu nakujua, njaa huiwezi tangu utotoni. Nawa." Wakacheka. Beseni lilikuwa chini ya vidole vyangu tayari. Mkuu wangu alinitazama bila ukali wowote, alikuwa anangoja tu. Nikakunja mikono.

"Nimeshiba, shangazi."

Katika ua ule sikuwahi hata siku moja kushiba kabla ya kula, na yeye ndiye shahidi. Aliyarudisha maji ya birika mtungini, polepole, yasimwagike.

Haukupita muda. Jua lilikuwa kali, wenzangu wakarudi kwenye magari, wakafungua milango yote wapate upepo, wakatoa boksi la chakula tuliloondoka nalo mjini. Wakala mikate na mayai. Hawakuwa na dharau. Walikuwa na njaa; mzungu hakujua kwamba amefungishwa, na mkuu wangu aliyesikia alidhani ni utani wa shangazi tu. Ua mzima uliwaona. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba sinia akalitua chini.

"Kumbe wanakula," akasema. "Basi ni chakula chetu."

Kwetu, mtu akikataa chakula cha nyumba bila sababu, amesema jambo zito kuhusu nyumba hiyo. Amesema kuna kitu kimetiwa. Na kama binti wa nyumba naye amekikataa, basi kuna analolijua. Niliona hilo likipita machoni mwa wale wanawake, na nikaona shangazi analiona pia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alianza kuwagawia chakula wakale makwao, akiwasukumia vibakuli mikononi na kucheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Wengine walipokea. Wengine walisema watarudi kuchukua, nao hawakurudi.

Makubaliano yalitiwa saini mjini, kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Bwana wa benki aliitaja ziara ya Kigombe kama mfano wa pande mbili zinazoheshimu maadili, akasema afisa uhusiano wetu alishika kanuni hata nyumbani kwao. Mimi ndiye niliyemtafsiria maneno hayo, kwa kinywa changu mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa, uso ukiniwaka kwa fedheha, nao wakadhani ni unyenyekevu. Baada ya hapo tulikaribishwa chakula cha mchana kwa gharama ya pande zote mbili, wali na samaki, na nikala.

Siku ya mapumziko nilikwenda kumweleza shangazi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kama siku zote, nikakaa chini nikamweleza kila kitu: kifungu, nani aliyekiandika, na kwamba hakuna mtu aliyekuwa amefunga.

"Ungesema tu," akasema. "Ningewafungia wakaenda nacho."

"Hata hivyo hairuhusiwi."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Akafikiri. "Na wewe ungekula, wangekufukuza?"

"Pengine."

"Astaghfirullah!" Akashika kichwa. "Na mie nikakusogezea beseni mbele ya mkubwa wako! Nisamehe, mwanangu. Sikujua."

Aliniomba radhi yeye. Nilijaribu kumwambia kwamba mambo hayako hivyo, kwamba mwenye kuombwa radhi ni yeye, akanikatiza. Akasema ataongea na majirani wote, mmoja mmoja, walijue jambo hili. Nilidhani anataka kulisafisha jina la nyumba yake. Nikafurahi, nikaona yamekwisha.

Bomba limefika sasa. Maji yanatoka, hayana chumvi, na watu wanayalipia bila kugombana. Pande zetu mbili zimezoeana kiasi kwamba zinataka kuupeleka mpango huo vijiji vingine, na mimi ndiye wa kuzipeleka.

Kigombe, ukipita mahali watu wanakula, utaitwa. Hata kama hawakujui, hata kama chakula ni cha mtu mmoja, utasikia "Karibu chakula!", nawe utajibu "Ahsanteni, starehe," na utaendelea na safari yako. Hakuna anayetegemea kwamba utaingia. Ndiyo salamu ya saa ile, na asiyeitwa ni yule tu ambaye watu wamegombana naye.

Juzi nilikwenda kumtembelea shangazi, nikapita njia ya nyumbani saa ya chakula cha mchana. Baraza ya kwanza walinisalimu vizuri, wakauliza habari za mjini, kisha wakainamia sahani zao. Nyumba iliyofuata hivyo hivyo. Nikajiuliza nimewakosea nini. Mbele kidogo mwanamke mmoja akainua kichwa, mkono uko kwenye sinia.

"Kari..."

Mwenzake akamgusa goti. "Mwache, maskini. Shangaziye katuomba tusimkaribishe, tutamharibia kazi." Alisema kwa huruma tupu, akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa aliyekatazwa chumvi.

Nilimkuta shangazi anakula. Aliponiona aliifunika sahani upesi, akaisukuma nyuma yake, akapangusa mkono kwenye kanga.

"Karibu kiti," akasema.

"Shangazi, leo sikuja kikazi. Nimekuja kwako. Na nina njaa."

Akanitazama kwa muda aone kama ni kweli. Kisha akainuka, akachungulia njia huku na huku, akarudisha mlango akatia komeo, akashusha na pazia la dirisha, kama nyumba ya mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Chumba kikaingia giza. Ndipo akaifunua ile sahani akaniwekea mbele, wali na kipande cha samaki alichokuwa amekwisha kukianza. Nilitaka kumwambia afungue mlango, afungue na dirisha, majirani wote wanione. Lakini alikuwa tayari amesimama dirishani, ameinua pembe ya pazia kwa kidole kimoja.

"Kula, mwanangu, kula upesi," akasema kwa sauti ya chini. "Mie nakuangalizia."